Sababu za Nyumbani

Kazi ninayoifanya nilifundishwa na Malak. Natanguliza hilo ili ijulikane mapema nilimkosea nani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Mazeras na cheti changu ndani ya bahasha, nikaajiriwa na kampuni moja ya uwakala wa meli pale Shimanzi, Mombasa. Ofisi zetu ziko ghorofa ya pili, juu ya godauni, na malori yakipita chini vikombe hutikisika mezani. Nilikabidhiwa kwa Malak, mwanamke wa Kibokoni kule Mji wa Kale, mwembamba, mwenye miwani na sauti ya chini, aliyekuwa mpangaji wa shehena. Mpangaji ndiye anayeamua kila kontena likae wapi melini: zito chini, jepesi juu, la baridi karibu na umeme, lenye kemikali mbali na joto, na la bandari ya kwanza lisifukiwe chini ya la bandari ya mwisho. Ukikosea, meli huinama, ama hulazimika kushusha mzigo usio wa hapo ili kuufikia ulio wa hapo, na kila saa inayopotea kuna mtu atakayeiuliza.

"Usitazame kontena, tazama safari," aliniambia wiki ya kwanza. "Jiulize hili lashuka wapi, na likishashuka, nini kitabaki kimesimama peke yake."

Miezi sita nilikaa kando ya kiti chake. Nilipokosea hakunigombeza. Aliifuta kazi yangu yote, akanirudisha mwanzo, akaenda kuswali. Akirudi alinikuta nimeshaliona kosa mwenyewe.

Mwaka wa korona ulipofika, tulipelekwa nyumbani sote tunaofanya kazi kwa kompyuta. Mimi nyumba yangu ya Mazeras ilikuwa na vyumba viwili, watoto watatu, na mtandao wa kukatika kila mawingu yakikusanyika. Niliomba kurudi ofisini kabla ya wengine. Malak hakurudi. Alikuwa na chumba chake juu, Kibokoni, na mipango yake ilitufikia kabla ya wakati, safi, haina doa. Ikapita miaka minne. Katika miaka hiyo minne hakuna meli yetu hata moja iliyochelewa kwa ajili yake. Na katika miaka hiyohiyo cheo cha mkuu wa kitengo kilipokuwa wazi, nilipewa mimi.

Nilimpigia simu kumwambia. Nilikuwa na haya kidogo.

"Hongera, Dzoro," alisema. "Kinakufaa. Wewe waonekana."

Sikujua kama ni pongezi au ni lawama. Leo najua.

Januari ya mwaka juzi tulipata mkurugenzi mpya, Bwana Mumo. Wenye hisa walimleta kutoka Nairobi baada ya mzee mwanzilishi kustaafu. Alikuwa mtu wa maneno mazuri na mashati ya kunyooshwa vizuri. Wiki ya pili alituandikia waraka: kuanzia tarehe mosi Machi kila mfanyakazi awe ofisini siku zote tano, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mlangoni ikawekwa mashine ya alama za vidole. Tulikusanywa ukumbini kuelezwa faida za kuwa pamoja, namna mawazo mema yanavyozaliwa watu wanapokutana kwenye chai. Bwana Mumo alituambia hayo kwa video. Jumatatu na Ijumaa alikuwa akituongoza kutoka nyumbani kwake Nairobi.

Nisiseme kwamba wote tuliuchukia ule waraka. Kioko, msimamizi wa yadi, aliufurahia. "Sisi huku chini tulikuwa tunakuja hata siku za kafyu," alinong'ona. "Mtu apigwe jua miaka minne, mwenzake yuko kwake miguu juu? Waje." Na mimi, nikisema kweli, nilikuwa upande wa Kioko. Nilikuwa nikiamka saa kumi alfajiri ili niwahi Changamwe kabla barabara haijafunga. Malak alikuwa akiishi robo saa kwa tuktuk kutoka ofisini. Nilijiambia: huyu analalamikia nini?

Kwa hakika hakulalamika. Aliomba siku mbili tu za nyumbani kwa wiki, zozote. Kulikuwa na fomu ya maombi maalumu, na ndani yake mstari uliosema: *Eleza sababu na uambatishe ushahidi.* Malak aliandika maneno matatu: Sababu za nyumbani. Hakuambatisha kitu.

Naomi wa ofisi ya wafanyakazi aliniletea fomu ile mezani. "Hii siwezi kuipeleka juu," alisema. "Zungumza naye wewe, ni mtu wako. Barua ya daktari inatosha. Hata ya mama yake, hata ya nani."

Nikampigia.

"Bi Malak, shikamoo."

"Marahaba, Dzoro. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Ni ile fomu. Wanataka sababu iandikwe vizuri."

"Nimeiandika."

"Iandikwe hasa ni nini. Kama kuna mgonjwa, useme kuna mgonjwa. Iandamane na karatasi."

Nilisikia kwa mbali cherehani ikienda, ikasimama, ikaenda tena. Mumewe, Abdulhalim, alikuwa fundi wa kudarizi kanzu. Nilijua hilo na si zaidi ya hilo. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuingia nyumbani mwao.

"Dzoro," alisema, "mimi nimewafanyia kazi miaka kumi na saba. Miaka minne nimeifanyia hapa nilipo. Kuna meli iliyolalamika?"

"Hakuna."

"Basi hiyo ndiyo sababu. Yaliyomo ndani ya nyumba yangu si yangu peke yangu hata niyatie kwenye bahasha yasomwe na Naomi, na karani wake, na huyo bwana wa Nairobi."

"Lakini bila karatasi—"

"Fanya uwezalo. Usiloliweza, liache."

Ninalokumbuka zaidi kuhusu siku ile ni kwamba nilikasirika. Niliona ni kiburi. Niliona ni ile tabia ya watu wa Mji wa Kale, ya kujiona mambo yao ni ya ndani na ya wengine ni ya barabarani. Mimi nilipofiwa na baba nilipeleka mpaka cheti cha kifo ili nipewe siku tatu. Kwa nini yeye asipeleke? Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya maoni ya mkuu wa kitengo. Ningeweza kuandika kwamba mtu huyu ndiye kitengo chenyewe. Niliandika: *Sababu haitoshi*. Nikatia sahihi.

Machi mosi Malak alikuja. Alifika saa mbili kasoro dakika kumi, akaweka kidole chake mashineni, akaketi kwenye meza ya dirishani iliyokuwa yake zamani. Alinisalimia kama kawaida. Watu wawili wa kitengo chetu hawakuja: mmoja alikuwa ameshapata kazi kampuni ya bima, mwingine aliandika kwamba anaacha, hakutoa maelezo. Bwana Mumo alisema ni vizuri makapi yapepetwe.

Wiki zile za kwanza nilimtazama sana Malak. Kazi yake haikupungua ubora. Ila alikuwa amebadilika kwa namna ambayo sikuweza kuitaja. Kila baada ya nusu saa alikuwa akitazama simu yake, anaandika kitu kifupi, anangoja jibu, likija anashusha mabega. Saa ya chakula alikuwa akishuka mbio, anapanda tuktuk, anakwenda Kibokoni na kurudi kabla ya saa nane, hajala. Siku moja alichelewa dakika saba. Mashine ikaandika saba, na mwisho wa mwezi akapata onyo. Alilisoma amesimama, akalikunja mara mbili, akalitia mkobani.

Aprili likaja jambo la simu. Bwana Mumo alikuwa ameona, katika mojawapo ya ziara zake, vijana wawili wakitazama mpira kwenye simu saa za kazi. Likatengenezwa kabati dogo la chuma lenye vijumba na kufuli, likatiwa mlangoni mwa chumba cha mipango. Kila mtu aweke simu yake asubuhi, aichukue saa ya chakula. Ufunguo ulikaa kwangu.

Siku ya kwanza Malak alisimama mbele yangu na simu mkononi.

"Yangu niachie, Dzoro."

"Bi Malak, sheria ni ya wote."

"Nitaizima sauti. Nitaiweka chini ya karatasi. Hutaiona."

"Wenzako watasema nini? Watasema nakupendelea kwa sababu ulinifundisha."

Alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akiutazama mpango wangu zamani, akitafuta kosa liko wapi. Nilidhani atasema neno. Laiti angesema. Lakini chumba kilikuwa na watu wanane na wote walikuwa wakisikiliza, na mimi sikufikiria kumwita pembeni. Akainama, akaitia simu katika kijumba cha tatu, akaufunga mlango wake kwa kidole polepole.

Ilikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Tulikuwa na meli inayofunga gati Kilindini alasiri, na Malak alikuwa na mpango wake tangu asubuhi. Alifanya kazi bila kuinuka. Saa saba kasoro robo nikafungua kabati. Alichukua simu, akaitazama, na nikaona uso wake unabadilika rangi. Hakupiga kelele. Alirudi mezani kwake, akaukamilisha mstari aliokuwa ameuacha nusu, akautuma mpango kwenye meli. Kisha akachukua mkoba, akatoka. Hakuweka kidole kwenye mashine.

Nilimwita kwenye ngazi. "Bi Malak! Kuna nini?"

Hakugeuka.

Hakurudi mchana ule. Saa tisa kompyuta ya Naomi ikatoa barua yenyewe, kama ilivyopangwa: kuondoka kazini bila idhini, onyo la pili. Naomi aliniletea nitie sahihi. Aliniuliza, "Umempigia kujua yuko salama?" Nikasema nitampigia baadaye, nina meli. Nikatia sahihi. Sikumpigia. Jioni niliwaza kumpigia nikiwa njiani, nikasinzia kabla ya kufika Miritini.

Asubuhi yake barua pepe ya Malak ilikuwa ikinisubiri. Ilisema anaacha kazi, na kwamba siku zake za likizo zilizobaki zitamaliza mwezi wa notisi. Sentensi mbili. Chini aliambatisha maelezo ya meli nne zilizokuwa njiani, kurasa kumi na moja, kila kitu ninachohitaji kujua, mpaka nahodha yupi asiyependa kuandikiwa bali kupigiwa simu.

Bwana Mumo alisema hakuna mtu asiyeweza kubadilishwa. Naomi akatangaza nafasi.

Waliokuja walikuwa wachache, na waliofaa walikuwa wachache zaidi. Nilikuwa ndani ya chumba wakati wa usaili, kwa hiyo nasimulia niliyoyasikia kwa masikio yangu. Kulikuwa na bwana mmoja aitwaye Kiti, mwenyeji wa Likoni, aliyekuwa akizipangia meli za Oman kutoka sebuleni kwake. Alikuwa mjuzi kweli. Maswali yangu aliyajibu kabla sijayamaliza. Halafu akauliza lake moja.

"Nyumbani siku ngapi?"

"Sisi hapa ni familia," alisema Bwana Mumo. "Tunafanya kazi pamoja, ana kwa ana."

"Nimeelewa. Ni siku ngapi?"

"Hakuna."

Kiti aliinuka, akatupa mkono mmoja mmoja, akatushukuru kwa chai. Alikuwa bado hajainywa. Wa pili alikuwa mwanamke wa Malindi. Alipoisoma barua ya ajira aliandika kwamba masharti hayamfai. Wa tatu hakuja kabisa. Mwishowe tukamchukua Elvis, kijana mwenye vyeti vingi na adabu nyingi, ambaye hakuwahi kuipanga meli halisi maishani mwake. Alifika kila siku saa moja na nusu. Kwa mashine ya mlangoni, Elvis alikuwa mfanyakazi bora tuliyewahi kuwa naye.

Nilijaribu kumfundisha kama nilivyofundishwa. Lakini Malak alikuwa na miezi sita na mimi. Mimi nilikuwa na meli zake zote, na zangu, na mikutano ya kueleza kwa nini wafanyakazi wanaondoka. Kila mpango wa Elvis niliupitia. Agosti niliupitia mmoja nikiwa nimechoka, nikaona umekaa sawa, nikaupitisha. Makontena arobaini na mawili ya Dar es Salaam, bandari iliyofuata, yalikuwa yamefukiwa chini ya makontena ya Durban. Meli ilipofika Dar ikalazimika kushusha ya Durban yote gatini, kutoa ya Dar, kisha kuyarudisha. Ilipoteza karibu siku nzima. Wenye meli waliandika barua ya adabu sana. Oktoba, mkataba wao ulipoisha, waliandika nyingine, ya adabu zaidi, wakisema wamepata wakala mwingine.

Walikuwa nusu ya kazi yetu.

Elvis aliondolewa. Alilia kwenye ngazi, na mimi niliyeupitisha ule mpango nilipita kando yake nikiwa na faili. Yadi ikapunguza watu, na Kioko alikuwa mmoja wao, yeye ambaye hakuwa amekosa hata siku moja. Alipokuja kuaga alinipa mkono akasema, "Mimi nilikuwa nikija, Dzoro."

Novemba Bwana Mumo aliniita. Safari hii alikuwepo mwenyewe. Alikuwa amekonda.

"Yule mama wa Mji wa Kale. Anakuheshimu?"

"Alikuwa akiniheshimu."

"Nenda ukamwone. Mwambie arudi. Afanyie kazi kwake, siku zote tano, sitaki kumwona hapa. Cheo chochote anachotaka."

"Na chumba cha mipango? Wengine nao?"

"Wengine wabaki. Huyu ni suala maalumu."

Nilikwenda Jumamosi baada ya adhuhuri. Niliulizia Kibokoni, na nyumba ya fundi Abdulhalim kila mtu aliijua. Nikapiga hodi, nikasikia sauti ya mwanamume ikinikaribisha kutoka juu. Nilipanda ngazi za mawe zenye giza, nikaingia chumba chenye mwanga mkubwa wa dirishani, na cherehani mbili zilizofunikwa kwa shuka.

Abdulhalim alinyanyuka kunipokea. Mtu mrefu, ndevu zimeanza mvi, uso wa upole. Alinipa mkono wa kushoto.

"Niwie radhi kwa huu wa kushoto," alisema. "Wa kulia haushiki."

Nikautazama. Kuanzia kiganja mpaka juu ya kifundo ngozi ilikuwa imevutana, inang'aa, na vidole viwili vilikuwa vimekunjika kuelekea ndani na kubaki hivyo.

Malak alitoka chumba cha pili na sinia ya kahawa na vikombe vidogo. Alinisalimia, akamuulizia mke wangu Kadzo na watoto mmoja mmoja kwa majina. Akaketi. Nilianza kumwaga maneno niliyotumwa: cheo, nyumbani, siku zote tano. Alinisikiliza mpaka mwisho. Abdulhalim naye alisikiliza, akitutazama kwa zamu kama mtu anayefuata hadithi ya watu asiowajua.

"Wamekubali nyumbani?" Malak aliuliza.

"Wamekubali."

"Na karatasi? Hawataki tena karatasi?"

"Hawataki."

Alimgeukia mumewe. "Nimwambie?"

Abdulhalim aliinua bega. "Mwambie. Siku hizi lipo wapi la kusitiri?"

Ndipo aliponieleza. Abdulhalim alikuwa na kifafa tangu ujana. Dawa zilimsaidia, lakini hazikumaliza. Mara mbili au tatu kwa mwezi kilimjia, na kabla ya kumjia kulikuwa na dakika moja ambapo husema ovyo na macho hutazama mbali. Aliyeijua dakika ile ni mkewe. Akiwa chumba cha pili na kompyuta yake, akisikia cherehani imesimama kwa namna fulani, alikuja, akamlaza chini, akaondoa mkasi na sindano, akakaa naye mpaka kipite. Mtaani hawakujua. Kanzu alizodarizi zilikuwa za maharusi, na watu wana maneno yao kuhusu ugonjwa ule. Wangesema ni pepo, wangeogopa kumletea nguo ya siku ya heri. Miaka minne ile ya kuwa pamoja nyumbani, alisema, ilikuwa ndiyo miaka waliyoishi bila hofu.

"Nilipoanza tena kuja kwenu tulikubaliana," alisema Malak. "Kila nusu saa namwandikia, ajibu. Asipojibu, nampigia Swabaha wa nyumba ya pili apande aone. Yeye peke yake ndiye tuliyemwambia. Mpango mzuri. Kisha mkaniwekea kabati."

Nilijua ni ile Jumatano. Sikuhitaji kuambiwa.

"Ilikuwa saa nne na kitu. Alikuwa akipiga pasi kaba ya kanzu. Kikamshika, akaangukia meza, mkono ukabaki chini ya pasi. Mtu aliye katika hali ile hausikii moto, Dzoro. Swabaha alikuja kwa harufu, akidhani ni nguo. Alinipigia mara kumi na nne."

Chini barabarani mtu alikuwa akiuza viazi karai, anaita. Abdulhalim alinimiminia kahawa kwa ule mkono wa kushoto, taratibu, bila kumwaga hata tone. Nilitaka kumwambia asinimiminie.

"Sikujua," nilisema. "Wallahi Bi Malak, ungeniambia, mimi ningekuwa—"

"Ungekuwa nini?"

Nilikiinua kikombe, nikakirudisha kwenye sinia.

"Nilikwambia ni sababu za nyumbani," alisema. "Mimi niliyekufundisha, niliyekaa nawe miezi sita, sikuwahi kukuomba kitu. Nikakuomba siku mbili, ukataka ushahidi. Nikakuomba simu, ukaogopa wenzangu watasema nini. Huyo Mumo mimi simlaumu, hanijui. Wewe ulikuwa wanijua."

"Malak," mumewe alimwambia kwa upole, "mgeni."

"Ni mgeni, ndiyo," alisema.

Nikauliza, kwa sababu nilikuwa nimetumwa na sikuwa na lingine la kushika, kama basi nirudi na jibu gani. Alisema ana kazi. Tangu Juni anaipangia kampuni moja ya Salalah, kule Oman, hapo hapo chumba cha pili, na mkutano wao ni mmoja kwa wiki. Miongoni mwa meli anazozipanga sasa, alisema, ni zile zilizotuacha Oktoba. Hakulisema kwa kujigamba. Ilikuwa habari tu. Abdulhalim hadarizi tena. Vijana wa mtaani huja kujifunza kwake, anawaelekeza kwa maneno, lakini mkono wa mtu, alisema yeye mwenyewe akicheka kidogo, hauazimwi.

Nilipoinuka kuondoka Malak alinisindikiza mpaka mwanzo wa ngazi. Nilidhani hapo atalainika. Nilikuwa nikingoja hivyo, nafikiri, tangu nilipoingia.

"Salalah wataka mpangaji wa pili," aliniambia. "Wa kufanyia kwake, popote alipo. Waliniuliza kama Mombasa namjua mwingine aiwezaye hini kazi."

Nikafikiria saa kumi alfajiri, nikafikiria Kadzo, na barabara ya Changamwe.

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia simjui."

Akaniombea safari njema, akarudi ndani.

Jumatatu nilimpelekea Bwana Mumo jibu. Aliuliza kama amesema kwa nini anakataa. Nilikuwa nimeketi mbele yake na fomu ya taarifa imefunguliwa kwenye kompyuta, na kulikuwa na mstari wa sababu. Nikauacha wazi. Aliniuliza tena. Nikamwambia hakusema, na kwa mara ya kwanza katika mambo yote yale nilimtunzia siri yake, wakati haikuwa na faida tena kwa mtu yeyote.